Anasikia, ila kelele zinameza maneno

Kuna makala inayosema watoto wenye usonji (tofauti ya ukuaji wa ubongo, kwa Kiingereza autism) katika shule zetu za Mtwara "hawasikii wakiitwa". Wengi wanasikia; kazi ngumu ni ubongo kuichambua sauti ya mwalimu katikati ya kelele. Hata hivyo mtoto apimwe masikio kwanza, maana nta iliyoziba au usaha huleta dalili zilezile.

Mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, huanza na darasa lenyewe. Bati bila dari, sakafu ya saruji, kuta tupu: sauti inadunda kila upande, na mvua za Desemba hadi Aprili zikipiga, maneno hayapenyi. Tandikeni mikeka, tundikeni vitenge ukutani, fungeni vipande vya ndala kuukuu chini ya miguu ya viti. Mtoto akae mbele, mbali na dirisha la barabarani.

Kisha maelekezo. Gonga meza yake taratibu (si bega, wengine mguso unawaumiza), taja jina, sema jambo moja: "Chukua daftari." Hesabu kimoyomoyo hadi 10. Jamani, hapa ndipo tunapowaumiza: sekunde ya 3 mwalimu anabadilisha maneno, mtoto anaanza kuchambua upya. Ukirudia, rudia yaleyale huku ukionyesha daftari.

Vifunika masikio avae ngoma za jando zikipita au kengele ikilia, kisha avue. Akivaa kutwa, hata sauti za kawaida zinaweza kuzidi kumkera. Muziki maalumu wa kusikilizwa unaouzwa kama tiba ushahidi wake ni dhaifu. Wazazi, msiuze korosho zenu ili kuulipia.