Mkopo Usiokula Wala Kulala

Jamani, kwa nini msaada wa masomo una majina mengi kuliko watu waliosaidiwa? Mimi nauza mitumba hapa Busia, Uganda, hela nazijua kwa hali mbili tu: ipo au haipo. Sasa binti yangu kapata nafasi Chuo Kikuu cha Makerere, kaniletea karatasi, na tangu hapo usingizi wangu haujatulia.

Kuna ufadhili wa serikali. Huo ndio wa bure, nafasi kama 4,000 kwa mwaka nchi nzima, na nyingi huenda kwa wenye alama za juu. Alama za juu ziko wapi? Ziko huko kwenye mashule ya Wakiso, pembeni ya Kampala, ambako karo ya muhula mmoja inaweza kumeza kibanda changu na nguo zake zote. Yaani aliyelipa sana tangu chekechea ndiye anayesomeshwa bure chuoni! Sisi wengine twaambiwa tusubiri kota ya wilaya, yaani nafasi chache zinazotengewa kila wilaya. Wilaya nzima inagombania viti vya kuhesabu kwa vidole.

Haya, tukaja kwenye mkopo wa serikali. Bodi yake iliundwa kwa sheria ya 2014, na ni jambo zuri, sibishi. Binti akanisomea: mkopo unalipia ada ya masomo, zile ada ndogondogo wanazoziita fankshono, na utafiti.

"Na chakula?"

"Hapana, Baba."

"Hosteli?"

"Hapana, Baba."

Kumbe serikali inamsomesha kuanzia shingoni kwenda juu! Tumbo, miguu na mahali pa kulaza mbavu ni vya mzee wa mitumba.

Fomu nayo inataka mdhamini. Shemeji yangu, yule ambaye kwenye kila harusi husimama na kusema "mtoto huyu ni wetu sote," alipoiona tu akakumbuka ana safari ya Mbale. Tangu siku hiyo mtoto ni wangu peke yangu.

Kitu kimoja kilinifurahisha: akimaliza chuo anapewa mwaka mzima kabla ya kuanza kulipa. Nilimpelekea mwenye nyumba wangu habari hiyo, nikamwambia serikali yenyewe inasubiri mwaka, wewe tarehe 5 tu povu linakutoka. Akaniuliza kama serikali inaishi kwenye nyumba yake.

Mkopo ukapita. Hela zinakwenda moja kwa moja chuoni, mimi sizioni, binti hazioni, tunasikia tu kwamba zimefika. Lakini Busia haina siri. Asubuhi jirani kaja, kiti kakivuta mwenyewe, chai kaimaliza, kisha kaniinamia sikioni:

"Mzee, nasikia serikali imekumwagia. Nikopeshe laki mbili tu, nitarudisha baada ya mwaka, kama wao."