Eti "Bila Kuandika Msimbo wa Kompyuta"!

Jamani, nani alituambia kuunganisha akili mnemba na jedwali la oda za wateja ni kuburuta na kudondosha tu, bila kuandika programu? Nimeomba kitu kimoja: soma ujumbe wa mteja, andika kwenye seli "amelipa" au "bado". Neno moja! Inajaza, "Bila shaka! Baada ya kusoma ujumbe huu kwa makini..." Aya nzima ndani ya seli! Fomula yangu ihesabu nini sasa, salamu?

Namba za simu nazo! Sifuri ya mbele imeliwa, 07 imebaki 7. Tarehe 4/3 kwetu ni Machi 4, lakini jedwali lenye mipangilio ya Marekani linasoma Aprili 3. Mteja angoje mzigo mwezi mzima?

Halafu mwenzako abadilishe jina la safu, "Simu" iwe "Namba ya simu", mtambo wote chali. Usiku wa manane! Ukiuwasha tena unakutana na kosa la 429, yaani umetuma maombi mengi mno. Mengi yapi, oda 40? Na kila hatua inayorudiwa inakula kifurushi cha mtambo huo, kama bando la intaneti.

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, nanyi mnakesha hivi? Leo nimeingiza oda zote kwa mkono. Kufikia saa nne nilikuwa nimemaliza!