Turkmenistan: gesi wanayo, barabara wanajenga, milango wamefunga

Mtu akiniambia nchi ikishapata gesi basi imetoka kimaisha, huwa namwambia akaiangalie Turkmenistan kwanza. Nchi iko kule Asia ya Kati, sehemu yake kubwa kabisa ni jangwa la Karakum, bahari haina zaidi ya Caspian ambayo haitoki popote, lakini chini ya ule mchanga kuna gesi nyingi mpaka inatajwa ya nne duniani kwa akiba, na Galkynysh peke yake ni kati ya vitalu vikubwa kuliko vyote. Na watu wenyewe, hata ukichukua hesabu ya serikali, ni kama milioni 7 tu. Kwa nini basi maisha ya mwananchi wa kawaida ni magumu vile? Mimi naona kosa si la jangwa. Hela inamwagwa kwenye njia za gesi, usafiri na mawasiliano, halafu watu wanazuiwa kuzitumia njia hizo.

Tuanze na bomba maana ndo uchumi wenyewe. Gesi yao haina pa kupakiwa meli ikauzwe kwa yeyote, lazima ipite kwenye bomba, na bomba likiwa na mteja mmoja mwishoni huyo ndo anapanga bei. Kwa miaka mingi baada ya Usovieti kuvunjika njia kubwa ilikuwa ya Urusi. Aprili 2009 bomba likalipuka, Turkmenistan ikalalamika kwamba Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, imepunguza kupokea gesi ghafla, biashara ikasimama miezi. Desemba mwaka huohuo wakafungua bomba la China kupitia Uzbekistan na Kazakhstan, na hapo nawapongeza kabisa, walifanya la maana. Lakini 2016 Gazprom ikaacha kununua, Januari 2017 wakagombana na Iran kwa sababu ya deni wakaikatia gesi, kwa hiyo wakabaki na China ambayo pia ndo iliwakopesha hela za kuendeleza Galkynysh, yaani sehemu ya gesi inauzwa huku inalipia mkopo. Bomba la TAPI la kwenda Afghanistan, Pakistan na India walizindua ujenzi Desemba 2015 na India mpaka leo haijapata kitu. Machi 2025 ndo wakaanza kuiuzia Uturuki kwa mtindo wa kubadilishana, wao wanaipa Iran halafu Iran inatoa ya kwake upande wa Uturuki. Nzuri, ila imechelewa sana.

Aliyeumia ni nani? Tangu 1993 wananchi walikuwa wanapata gesi, umeme, maji na hata chumvi bure kwa kiwango fulani. Bei ya gesi ilipoanguka hela ikakauka, na kuanzia 2019 hiyo bure ikafutwa.

Lakini mwaka 2016, hali ikiwa inazidi kuwa mbaya, mji mkuu Ashgabat wakafungua uwanja wa ndege wenye umbo la falkoni anayeruka, dola bilioni 2.3, unaoweza kupokea abiria milioni 14 kwa mwaka. Milioni 14! Mara mbili ya watu wote wa nchi, na wageni wenyewe kupata viza ni shughuli. Mei 2018 ikaja bandari mpya ya Turkmenbashi kwenye Caspian, kama dola bilioni 1.5. Reli ya kuunganisha Kazakhstan na Iran ilifunguliwa 2014, na barabara kuu mpya ya Ashgabat mpaka Turkmenabat, kama kilomita 600 kukatiza jangwa, imekuwa ikifunguliwa kipande kwa kipande. Mimi sipingi reli wala bandari, kijiografia wako njia panda kweli na mzigo wa China kwenda Ulaya unaweza kupita pale. Ila mfanyabiashara akifika anakuta manati, yaani hela yao, bei ya serikali 3.5 kwa dola moja tangu 2015, na mtaani dola inauzwa mara kadhaa ya hiyo. Nani ataleta mtaji wake abadilishiwe kwa bei ya serikali?

Mawasiliano ndo yananikera kuliko vyote. Kampuni ya Urusi ya MTS ilifungiwa Desemba 2010 ikiwa na wateja zaidi ya milioni 2, ikaruhusiwa kurudi 2012, ikatolewa tena 2017, simu za mkononi zikabaki kwa Altyn Asyr ya serikali. Facebook, YouTube, WhatsApp zimefungwa, intaneti ni ya polepole na ghali, na anayetumia VPN, yaani programu ya kukwepa vizuizi hivyo, anaweza kuitwa na polisi. Wakati huohuo nchi ina setelaiti yake angani, imerushwa 2015 na roketi ya SpaceX! Sasa mwenye lori au mkulima wa pamba wa mkoa wa Mary atajuaje bei za nje, atatafutaje mteja, atapokeaje oda? Bandari ya bilioni na nusu haiwezi kufanya kazi ya simu iliyozimwa.

Vijana wakaamua kuondoka, wengi wakaenda Uturuki kwa sababu viza haikuhitajika na lugha zinakaribiana, kule wakafanya kazi za viwandani na majumbani na kutuma hela nyumbani. Septemba 2022 Uturuki ikarudisha viza, na walioomba irudishwe ni serikali ya Turkmenistan yenyewe.