Chumba cha futi 10 kwa 12: ukishapanga vitu, hewa inapita wapi?

Huu ubishi hauishi, wengine wanasema muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, ukipata fundi mzuri wa mbao unageuka nyumba kamili, wengine wanasema hayo ni kuremba tu shida ya watu waliobanwa na kodi ya Kampala. Mi naona pande zote zina haki yao, ila wote wanabishana kuhusu vitu na kusahau hewa.

Kwanza zile picha za nyumba ndogo za Marekani tuziweke pembeni kidogo. Kule kanuni za ujenzi zinahesabu nyumba ndogo kabisa kuwa ile isiyozidi futi 400 za mraba. Muzigo wa futi 10 kwa 12 ni futi 120, kwa hiyo hiyo "ndogo" yao inameza vyumba vyetu vitatu na bado inabaki, tena bafu na jiko viko humo humo. Halafu huku Bwaise au Namuwongo, mitaa ya mabanda ya Kampala, chumba hicho kina baba, mama, watoto, na shemeji aliyekuja mjini kutafuta kazi. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, wanasema watu wakizidi 3 kwa chumba huo ni msongamano, so anayesema rafu haiondoi msongamano amesema kweli kabisa.

Lakini pia sikubali kwamba kupanga hakusaidii. Chukua mlango tu. Mlango wa futi 3 unaofungukia ndani unakula kama futi 7 za mraba, hapo huwezi kuweka hata jerikeni, ukiugeuza ufungukie nje umepata nafasi ya kabati jembamba. Shida ni kwamba bawaba zinabaki nje na mwizi anazing'oa kama fundi hajazichomelea vizuri, na kama koridoo ni nyembamba utamgonga jirani kila asubuhi. Kitanda nacho, ukikiinua juu ya matofali masanduku yote yanaingia chini, hiyo ni rahisi na haina hasara, labda kwa mtoto mdogo anayeanguka usiku.

Sasa ile ya kujenga dari la mbao ulale juu, hapo mi napinga. Watu wanaipenda sana kwa sababu inaonekana kama umepata chumba cha pili bure. Ukuta wa futi 9, ukiweka mbao kwenye futi 5 na nusu unabaki na futi 3 na nusu mpaka kwenye mabati, na bati lililopigwa na jua mchana kutwa jioni bado linachoma, joto lote la chumba linapanda huko huko, na neti ya mbu utaitundika wapi, na malaria yetu hii? Huko juu weka sufuria za sherehe na godoro la mgeni, watu walale chini.

Na sigiri, jiko la mkaa, ndiyo inanitia hofu zaidi. Mvua ikinyesha mtu anaiingiza ndani, dirisha amelifunga, vile vitundu vya hewa juu ya mlango ameziba na kaveera, mfuko wa plastiki, sababu ya mbu na vumbi. Gesi ya mkaa haina harufu, inaua watu wamelala. Vitundu hivyo viwekewe wavu wa mbu, visizibwe, na ukipanga kabati liwe refu namna gani lisifike mbele ya dirisha hata kidogo, hata kama ndiyo kona pekee iliyobaki.

Upande wa landilodi nao tuuseme. Chumba kidogo kinavumilika kwa sababu kuna uwanja nje, huko ndiko tunapika, tunafua, watoto wanacheza. Akiongeza vyumba vinne kwenye uwanja huo amepunguza nyumba za wapangaji wote hata kama kuta zao hajazigusa, na hakuna fundi wa mbao atakayerudisha hiyo nafasi. Sheria ya wapangaji ya Uganda ya 2022 inazuia kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hiyo nzuri, lakini uwanja ukiisha kodi ile ile inakulipia nyumba ndogo zaidi. Hapo huenda ukaamua kuhama, ndiyo maana ukitaka kutengeneza rafu au kabati mwambie fundi atumie skrubu, asijengee ukutani, ukihama unafungua unapakia na vitu vyako.