Saini ziache kwanza, anza na fimbo ya mpini wa mti

Wengi wanaotaka kukusanya vitu vya kale vya gofu hukimbilia saini: bendera yenye jina la bingwa, kofia, picha iliyotiwa fremu. Mimi nasema mwaka wa kwanza usinunue saini hata moja. Unaponunua wino unanunua neno la muuzaji, na cheti anachokupa nacho ni karatasi tu kama hakikutoka kwa wakaguzi wanaotambulika. Kichwa cha fimbo cha chuma kilichofuliwa Scotland karibu miaka mia iliyopita kinajieleza chenyewe, mradi ujue pa kutazama.

Nazungumzia fimbo zenye mpini wa hikori, mti wa Marekani ulio mgumu lakini unaonepa. Ulitawala gofu mpaka mpini wa chuma uliporuhusiwa, Marekani katikati ya miaka ya 1920, na R&A ya St Andrews, Scotland (chama kinachosimamia kanuni za gofu), mwaka 1929. Fimbo hizi zilitengenezwa kwa wingi mno, na ndiyo maana ya kawaida, ya kati ya 1910 na 1930, bado utaipata kwa dola 20 hadi 50. Uzee peke yake si bei. Anayetaka dola 500 kwa sababu tu "ina miaka mia" mwache aendelee kuitunza.

Tembea na sumaku ndogo. Iguse kwenye mpini. Ikinasa, hicho ni chuma kilichovishwa ganda la rangi ya mti. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 viwanda vilifanya hivyo kwa kuwa wachezaji waliokulia kwenye mti hawakupendezwa na bomba linalong'aa. Spalding, kiwanda cha Marekani, walitoa fimbo za jina la bingwa Bobby Jones kuanzia mwaka 1932, mipini ya chuma ikiwa imefunikwa namna hiyo. Saini iliyo mgongoni mwa kichwa iligongwa kiwandani, Jones hakushika kalamu. Hata hivyo zinatangazwa kuwa "zimesainiwa". Fimbo yake ya kusukumia mpira shimoni, Calamity Jane, nayo ilinakiliwa kwa wingi: mpini wa ile ya asili ulifungwa uzi, na Spalding wakaiga hata ile mikanda ya uzi. Ukiona mikanda usidhani umeokota dhahabu.

Sasa geuza kichwa utazame mgongo wake. Jina kubwa la katikati mara nyingi ni la mwalimu wa klabu au duka lililouza. Mhunzi mwenyewe yuko kwenye alama ndogo: kiko cha tumbaku ni Tom Stewart wa St Andrews, nyota ni William Gibson wa Kinghorn, mkono ni George Nicoll wa Leven. Kiko cha Stewart kikisomeka vizuri, na kichwa hakijasagwa, hiyo ni fimbo nzuri ya kuanzia. Utakuta pia maneno kama mashie au niblick, majina ya aina za fimbo yaliyotumika kabla ya namba kushika nafasi yake. Zilizoandikwa umbali wa yadi mgongoni kwa kawaida ni za Marekani za miaka ya mwisho ya hikori, ziliuzwa madukani kwa seti, na thamani yake ni ndogo. Kichwa kinachong'aa kwa kromu kwenye mpini wa mti kitilie shaka: ama ni cha mwishoni kabisa, ama kuna mtu alikipeleka kupakwa upya.

Kosa linaloua fimbo nyingi kuliko mchwa ni usafi. Mtu anapeleka kichwa kwenye grenda, kinarudi kama kioo, na kile kiko kimekwenda na kutu. Tumia sufu ya chuma laini kabisa, namba 0000, na matone machache ya mafuta mepesi ya mashine. Stilwaya ya kusugulia sufuria inachuna, usiikaribishe. Sugua kutu nyekundu tu. Ule weusi wa kahawia ulioshika uso wa chuma uache, wakusanyaji wanaulipia. Maliza kwa nta nyembamba, hasa kama unaishi Mombasa au Tanga ambako hewa ya chumvi hairuhusu chuma kupumzika.

Mpini uliokauka upake mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, yale ya seremala. Tabaka jembamba, subiri dakika 15 au 20, pangusa yote yaliyobaki juu, kisha acha usiku kucha. Ukiyaacha mazito yatanata miezi. Tambara ulilotumia usilikunje na kulitupa kwenye ndoo: mafuta haya yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Litandaze nje likauke.

Kichwa kikicheza, utashauriwa ukiloweke majini ili mti uvimbe. Kweli kitakaza, siku chache. Maji yakishakauka mti unasinyaa tena, na kutu imeshaingia ndani ya shingo. Dawa ni kutoa ile pini inayopita shingoni, kusafisha ndani, kutia epoksi inayokauka polepole, na kurudisha pini ileile. Ngozi ya mshiko, hata ikiwa imechakaa, usiibandue. Mshiko wa asili ni sehemu ya bei.

Kwa aliye Afrika Mashariki kuna kikwazo cha nauli. Kifurushi cha urefu wa karibu mita moja kutoka Uingereza kinaweza kugharimu kuliko fimbo iliyomo, kwa hiyo agiza tatu au nne kwa mpigo, au mpe ndugu anayesafiri. Wakati unasubiri, ziko karatasi za hapahapa ambazo wengi wanazipuuza. Kenya Open ilianza mwaka 1967, na Mhispania Seve Ballesteros aliishinda 1978, mwaka mmoja kabla ya kuchukua kwa mara ya kwanza The Open, mashindano makuu ya Uingereza. Vitabu vya ratiba vya mashindano hayo, kadi za alama, beji za kuingilia, hivi vimelala kwenye masanduku ya makedi (wabeba mifuko ya wachezaji) wastaafu na wanachama wa zamani wa klabu. Uliza kwa heshima, lipa bei ya haki. Andika kwa penseli juu ya bahasha ulikipata wapi na lini, na selotepu usiiguse: gundi yake hugeuka manjano na kupenyeza rangi hadi upande wa pili.