Injini Yangu Ilizima Juu ya Njoro

Nilikuwa angani kwenye ndege niliyojiundia nyumbani. Mshale wa joto la injini ulianza kushuka, nami nikafurahi. Muda mfupi kabla ya hapo ulikuwa umepanda kuliko kawaida na nilikuwa nimeshaukazia macho. Uliporudi chini nikashusha pumzi. Kisha nikasikia harufu tamutamu, ile ya maji ya rediata yaliyotiwa dawa, na mvuke ukaanza kupita juu ya kioo. Injini ikakoroma mara mbili, ikakwama, ikazima. Propela ikasimama wima mbele yangu.

Nakumbuka zaidi upepo ukilia kwenye nyaya za mabawa. Nilikuwa kama mita 250 kutoka ardhini, nimetoka tu kuruka, na mkono wangu ulitaka kugeuza ndege nirudi uwanjani. Hapo ndipo wengi hufia. Ukikata kona chini chini bila injini mwendo unapungua, bawa la ndani linaacha kubeba, ndege inazunguka na kushuka kwa pua. Nikainamisha pua kwanza, nikashika maili 60 kwa saa, nikatafuta mahali mbele yangu. Palikuwa na shamba la ngano lililokwisha kuvunwa.

Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Saa ya mwendo ikikuambia maili 60, ardhi inakimbia chini yako kwa karibu 68. Macho yanakuambia una mwendo wa kupindukia, uvute usukani, na ukiyatii unaanguka. Niliiamini saa. Magurudumu yakagusa mabua, ndege ikarukaruka, ikasimama hatua chache kabla ya ua wa kayaba. Mama mwenye shamba alikuja mbio na leso begani. "Pole, baba. Usisimame kwanza, kaa." Akanimiminia chai ya flaski, nikashindwa kushika kikombe, akanishikia yeye.

Habari zilipofika Nakuru mjini kila aliyenitembelea alikuwa na hukumu ile ile: injini ya gari haina kazi angani. Yangu ilikuwa ya gari kweli, mtumba kutoka Japani, niliyoifungia mkanda wa kupunguza mizunguko ya propela. Lakini sikubaliani na hukumu hiyo, na ndiyo sababu naandika.

Tuliifungua. Pistoni zilikuwa zimechubuka, kichwa cha silinda kimepinda, gaskiti imeungua. Imenoki kabisa. Ila kilichoiua kilikuwa mpira wa maji uliokuwa ukisugua ukingo wa chuma kila safari, kidogo kidogo, mpaka ukatoboka tundu lisilozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Maji yalipokwisha, kipima joto kilibaki kikining'inia kwenye mvuke, na mvuke haukipashi joto kama maji yanavyokipasha. Ndiyo maana mshale ulishuka wakati injini inaungua.

Mpira ule niliufunga mimi. Ndege ilikaguliwa, watu waliuona, lakini hakuna aliyeweza kusema umepita mahali pasipofaa, kwa sababu hakuna ndege nyingine duniani iliyofungwa vile. Mchoro ulikuwa kichwani mwangu peke yangu. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, kuliko hata kule kuanguka. Sisi tunaojiundia ndege nyumbani tunajivunia kwamba kila skrubu tumeikaza wenyewe, na hatujiulizi ni nani mwingine anayeweza kuiona skrubu iliyolegea.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta injini nyingine, swali langu halikuwa ipi ina nguvu zaidi. Nguvu ni hesabu tu. Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia 3 kwa kila futi 1,000 unazopanda, na Njoro ni futi 7,000 hivi. Farasi 100 walioandikwa kwenye karatasi wakifika kwetu hawatimii 80. Ukisikia mtu wa Mombasa akisifia injini yake, punguza kwanza ndipo uamini.

Vijana wengi walinisukuma kwenye Rotax 912 ULS, injini iliyoundwa kwa ndege ndogo. Ni injini nzuri, sina neno baya juu yake. Ina farasi 100, uzito wake ni kilo 60 na ushei, na kabureta zake mbili hujirekebisha zenyewe kadiri unavyopanda, raha kubwa kwa mtu wa nyanda za juu. Inataka petroli ya okteni 95, kwa hiyo kabla hujaagiza jua kituo chako kinakuuzia nini hasa. Kikwazo changu kilikuwa kingine. Vichwa vyake hupozwa kwa maji. Na ndege yangu ilisawazishwa kwa injini nzito, kwa hiyo nyepesi ingebidi isogezwe mbele ili uzito ukae pale pale. Maana yake ni fremu mpya, rediata nyingine, mipira mingine, na yote nikiyabuni mimi tena, peke yangu, kwenye banda lile lile.

Nimechukua Continental O-200 iliyotumika, injini ya ndege inayopozwa kwa hewa. Muundo wake ni wa kizamani, nzito, inakaribia kilo 100 ikiwa na vifaa vyake, na inabidi upunguze petroli kwa mkono unapopanda. Hata hivyo haina tone la maji. Propela imefungwa moja kwa moja kwenye kranki, haina mkanda wala gia. Ina magneto mbili, vifaa vinavyozalisha umeme wa plagi vyenyewe, kwa hiyo betri ikifa plagi zinaendelea kuwaka. Zaidi ya yote, ndiyo iliyokuwa kwenye Cessna 150, ndege ndogo ya mafunzo iliyoundwa zaidi ya 20,000, na pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kuna mafundi walioizeekea.

Mmoja wao ndiye aliyenikagulia kabla sijalipa. Tuliingiza hewa kwenye kila silinda kwa shinikizo la pauni 80 kwa inchi ya mraba, tuone kila moja itashika ngapi. Tatu zilikaa 74, 75, 76. Ya nne ikasimama 61. Yule mzee hakutazama kipimo tena. "Bwana, lete sikio lako hapa," akaniambia, akanielekeza kwenye bomba la ekzosi. Nikasikia hewa ikizomea ndani, nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Ikilia kwenye ekzosi, valvu ya moshi haifungi. Ikilia kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ikitokea kwenye tundu la kupumulia oili, ringi zimekwisha. Muuzaji alibadilisha valvu kabla sijatoa shilingi.

Najua nitabeba avgas, petroli ya ndege, kwa mapipa kutoka Nairobi, na kwamba madini ya risasi yaliyomo yatazichafua plagi za injini iliyoundwa kwa mafuta yenye risasi kidogo zaidi. Najua kabureta yake huganda barafu upesi, hata asubuhi zetu za ukungu zisizo na baridi kali. Lakini haya nayajua kwa sababu kila fundi niliyemuuliza aliyataja kabla sijamaliza swali. Ile ya kwanza hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Wiki iliyopita mzee alikuja Njoro kuangalia nilivyoifunga. Alizunguka na tochi, akanyamaza muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye mpira wa petroli karibu na ukuta wa moto, ule unaotenga injini na rubani. "Huu nani aliufunga?" Nikamwambia ni mimi. Akaufungua, akaupitisha upande wa pili ambako haugusi kitu, akanipa spana niukaze mwenyewe huku akitazama. Bado sijaruka. Nitakaporuka, saa 10 za kwanza zitakuwa juu ya mashamba ya ngano, mbali na msitu wa Mau.