Chokaa Juu ya "Nyumba Hii Haiuzwi"

Wiki iliyopita nimefika nyumbani kwa marehemu babu, Barabara ya 13, Ngamiani, hapa Tanga mjini, nikakuta ukuta wa mbele umepakwa chokaa. Miaka yote pale paliandikwa kwa rangi nyekundu, kwa mkono wa shangazi mwenyewe: NYUMBA HII HAIUZWI. Anayeijua Ngamiani anayajua maandishi hayo. Maana yake si kwamba nyumba haiuzwi, maana yake humo ndani pana ugomvi. Sasa chokaa, nyeupe pee. Nikauliza nani kapaka. Binamu yangu akakuna kichwa: "Ukuta ulikuwa mchafu, kaka." Ukuta uchafuke tangu babu yu hai, mtu asiugeukie, leo dalali kapita ndiyo umekuwa mchafu!

Hesabu ya kikao cha warithi, wanaotaka kuuza nyumba, ndiyo hii. Dalali kasema mteja yupo na anatoa milioni 91. Watoto wa babu ni wanaume 4 na wanawake 5, kwa faraidhi, yaani mirathi ya Kiislamu, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja, jumla mafungu 13. Mwanamke milioni 7, mwanamume milioni 14, kabla dalali hajakata chake na kabla ya soda ya huyu na yule. Fungu la marehemu baba lina wenyewe 5, kwa hiyo usinione naandika kwa ukali ukadhani nimeikosa milioni 14. Shangazi, ambaye ndiye anayeishi humo, aliyemuuguza babu mpaka siku ya mwisho, atatoka na milioni 7. Mteja, kwa taarifa yenu, haji kulala. Anataka fremu mbele na stoo nyuma.

Milioni 7 kwa bei za mjini hata ukumbi hupati. Lakini dalali hakosi la kusema. Dalali huyohuyo ana viwanja Pongwe, kule nje ya mji, mita 20 kwa 20, "umeme upo jirani, maji yanakuja." Kiswahili cha madalali kinataka kamusi yake. Jirani maana yake nguzo ya mwisho inaonekana ukipanda juu ya mwembe. Yanakuja maana yake hayapo.

Nina binamu mwingine, huyu wa upande wa mama, kashahamia huko. Nyumba ni yake, hilo simnyimi, na ukimtembelea atakuzungusha chumba kwa chumba mpaka uone hata mahali tiles zitakapokaa siku zikinunuliwa. Biashara yake ni vitenge, karibu na soko la Mgandini. Asubuhi boda mpaka lami 1,000, daladala 700. Jioni vilevile. Siku 26 kwa mwezi hiyo ni 88,400, kwa mwaka zaidi ya milioni moja. Fungu la shangazi zima, milioni 7, halifiki miaka 7 ya nauli ya mtu mmoja. Na hapo sijaweka watoto, sijaweka siku ya mvua boda anapotaka mara mbili, sijaweka siku mtoto kashikwa na homa saa nane usiku na hospitali ya Bombo iko kule baharini. Alipokaa Barabara ya 9 alikuwa anakwenda dukani kwa baiskeli. Mji wetu tambarare, nani asiyejua, mtoto wa Tanga anaijua baiskeli kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ile Phoenix yake leo imeegeshwa ukutani Pongwe, kuku anatagia kwenye kikapu.

Sasa mtu ataniambia mji unakua, watu watakaa wapi. Unakua kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 jijini, ya 2022 ikahesabu 393,429. Na kila tukilizungumza hili vijiweni, lawama inatupwa kwa wageni: bomba la mafuta la kutoka Uganda linakomea Chongoleani, bandari imepanuliwa, basi wamekuja watu na hela zao wanatusukuma nje. Kuna ukweli kidogo. Lakini nenda Mwahako, nenda Masiwani, nenda Pongwe, kaa kibarazani uulize kila anayepita kwao ni wapi. Barabara ya 5. Barabara ya 11. Makorora. Watoto wa mjini hao! Hakuna mgeni aliyewatoa. Imewatoa nyumba ya urithi. Nyumba moja, vyumba 6, ukumbi katikati, warithi 9 au 15, na njia pekee wanayoijua wote ya kugawana ni kuuza. Wakiuza wanatawanyika, kila mmoja na pagale lake porini, na mji unaongezeka urefu bila kuongezeka utamu.

Halafu mji unaanza kuwakimbilia na mabomba. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, yaani ilikopa kwa watu na taasisi, ili kuboresha na kupanua mtandao wa maji. Nawapongeza kwa dhati, wengine wanakaa kusubiri wafadhili. Ila fikiria bomba hilo. Ngamiani mita chache za bomba zinapita milango mingi, nyumba zimeshikana bega kwa bega. Pongwe bomba linapita pagale, linapita kiwanja kitupu cha mtu wa Dar es Salaam, linapita mkorosho, linapita kiwanja kingine kitupu, ndipo linamfikia binamu yangu. Nguzo za umeme vivyo hivyo. Barabara za greda ndiyo usiseme, masika yakija zinarudi kuwa mito kama zilivyokuwa.

Na huku nyuma je? Ngamiani barabara zimepimwa tangu mkoloni, zimenyooka, zina namba, hata mgeni hapotei. Maji yapo, umeme upo, shule, msikiti, zahanati, mihogo ya kukaanga, yote kwa miguu. Lakini mtaa wetu usiku sasa umekuwa mkimya. Jirani wa kushoto kauza, pamekuwa stoo ya magodoro. Wa mbele wameuza, fremu 8, saa moja usiku zinafungwa, anabaki mlinzi na redio yake.

Tusigawane kwa kwenda pembeni, tugawane kwa kwenda juu. Ndiyo neno langu kikaoni, nimelisema mpaka sauti imekauka. Kiwanja cha babu kinabeba ghorofa 2 bila kumziba mtu upepo. Chini fremu, kwa sababu najua mtazitaka tu, juu nyumba za kuishi, kila ukoo mdogo na mlango wake, shangazi na chumba chake kinachotazama barabara kama alivyozoea. Na sheria ipo tangu 2008: mtu anaweza kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo moja, akaiuza, akaikopea, akairithisha, bila kumsubiri binamu aliyeko Oman asaini.

Nikaenda kuuliza. Ofisi sitaitaja, maana nitarudi tena. Nikaelezea warithi, ghorofa, hati za sehemu. Kijana akanisikiliza vizuri, kisha akaniambia: "Mzee, kwa nini msiuze tu?" Mimi mzee! Nikamuuliza kama ana mchoro wowote wa mfano kwa viwanja vya Ngamiani, kitu ambacho familia isiyo na hela ya mhandisi inaweza kuanzia. Hana. Nikauliza nani atatusaidia kuandika makubaliano ya warithi kabla ya kubomoa. "Wakili." Lakini tangazo la viwanja vipya lilikuwa limebandikwa ukutani, la rangi, lina namba ya simu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kumpeleka mtu porini kuna mfumo mzima: dalali, mpimaji, serikali ya mtaa, fundi, hata vikoba vya matofali. Kumbakisha mjini hakuna hata karatasi moja. Kisha kwenye semina tunalalamika mji unasambaa ovyo.

Najua mtakachosema: Kariakoo. Na mna haki. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lile la ghorofa liliporomoka kule Dar es Salaam, wakafa watu zaidi ya 20, na mimi sikulala siku ile. Pia najua ubia wa ghorofa unavyokwenda, mwenye hela anaweka fremu zake chini miaka kadhaa na mwenye nyumba anazeeka akisubiri zamu yake. Na vyoo vyetu vya shimo haviwezi kubeba familia 6 zilizopandiana, lazima mfumo wa majitaka uje kwanza. Nakubali yote, kwa shingo upande. Lakini hoja hizo zinataka mkaguzi makini na mkataba ulioandikwa vizuri. Hazisemi shangazi aende Pongwe.

Majumba ya mjini kati yenye roshani, yale yaliyotaifishwa 1971, leo siyagusi, nitaharibu siku. Na Raskazone, ambako bustani moja inatosha mtaa mzima wa Ngamiani na wanaoitumia ni kunguru na mtunza bustani, siigusi pia. Wa kubanana mjini ni sisi tu.

Kikao kingine Jumapili baada ya alasiri. Baba mkubwa, ambaye naye kashalipia kiwanja, ameniandikia kwenye grupu la familia kwamba nije na fedha kama nina uchungu na nyumba. Nikamjibu: "Shikamoo baba mkubwa, nakuja na mchoro." Amesoma, hajajibu. Shangazi yeye kanipigia simu jana usiku, sauti chini kama mtu anayeagiza magendo, anauliza kama Mgandini rangi nyekundu bado inauzwa kwa kopo dogo au ni lazima anunue la lita nne.